Kabla ya kulipia mbegu, tumfikirie mtoto



Liko swali ambalo zamani halikufika kwenye ofisi ya paroko, na sasa linafika. Linaletwa na wanawake wenye kazi zao, wengi wamevuka miaka 35, waumini wazuri, ambao hawajaolewa na wameanza kuona kwamba huenda hawataolewa. Wamesikia, au wameulizia wenyewe, kwamba zipo hospitali binafsi katika miji mikubwa ya Afrika Mashariki zinazoweza kumsaidia mwanamke apate mimba bila mume, kwa kutumia mbegu za kiume za mtu asiyemjua. Wanauliza: Padri, ni dhambi?

Mmoja wao ameniruhusu niandike habari yake bila kumtaja. Ana miaka 39. Ameweka akiba kwenye Saccos ya kazini kwake, na alikuwa anafikiria kuongeza mkopo juu ya mshahara, kwa kuwa bima yake haigusi matibabu ya aina hiyo. Alikaa kwenye uchumba miaka sita na mtu aliyekuwa akiahidi kila Januari kwamba mwaka huu atapeleka mahari, kisha mtu huyo akaoa kwingine. Aliniambia hivi: "Padri, wenzangu jumuiyani wananishauri nitafute tu mwanaume nizae naye, hata kama ni mume wa mtu. Mimi sitaki kuvunja nyumba ya mtu. Nikienda hospitali, namkosea nani?"

Swali hilo linastahili jibu la heshima, na jibu lenyewe si fupi.

Tuanze na hamu yenyewe. Hamu ya mwanamke kuwa mama si tamaa mbaya, na Maandiko hayamkemei mwanamke kwa kuwa nayo. Hana, mke wa Elkana, alilia mbele ya Bwana kule Shilo hadi kuhani Eli akadhani amelewa. Sisi mapadri tuisome polepole sura ile ya kwanza ya kitabu cha Samweli, maana aliyeshindwa kumwelewa mama yule alikuwa mtu wa madhabahuni. Na Penina, aliyemchokoza mwenzake kwa sababu yeye ana watoto, bado yupo. Yupo kwenye jumuiya zetu ndogo ndogo. Kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake, Mama Neema, Mama Baraka. Asiye na mtoto hubaki "dada" au "anti" mpaka aote mvi, na akijitambulisha kwenye kikao cha harusi watu wanasubiri aseme yeye ni mama nani. Usiku anawaza nani atamuuguza uzeeni. Asiyeujua uchungu huo asiharakishe kuhukumu, na mimi padri nisiye na mtoto napaswa kuwa wa kwanza kutoharakisha.

Dada huyu ana hoja nyingine tusiyoweza kuikwepa. Katika parokia zetu, aliyezaa na mume wa mtu hunong'onwa miezi michache, kisha watu wanampelekea kanga na kumpikia mtori, maisha yanaendelea. Lakini wakisikia kwamba mwingine amekwenda hospitali kutafuta mimba, watu walewale wanasema ni mambo ya shetani. Huo ni undumilakuwili. Kukataa kuzini ni wema, na yeye amekataa. Hilo nalisema bila kigugumizi.

Msimamo wa Kanisa Katoliki haukufichwa. Tarehe 22 Februari 1987, miaka karibu tisa baada ya kuzaliwa Louise Brown, yule mtoto wa Uingereza aliyekuwa wa kwanza duniani kutungwa maabara, Vatikani ilitoa waraka uitwao Donum Vitae, yaani Zawadi ya Uhai. Waraka huo ulimtaja waziwazi mwanamke asiyeolewa na mjane, ukafundisha kwamba kuwatungisha mimba kwa njia hiyo hakuwezi kuhalalishwa kimaadili, mtoaji wa mbegu awe nani. Mwaka 2008 waraka mwingine, Dignitas Personae, ulirudia msimamo wa jumla juu ya njia hizi. Bahati mbaya waumini wengi wamebaki na neno "hairuhusiwi" tu, kama vile Kanisa ni karani anayefunga dirisha. Sababu ndiyo inayohitaji kuelezwa.

Umeuliza, dada, unamkosea nani. Jibu ni mtoto, yule ambaye bado hayupo na kwa hiyo hawezi kukaa kwenye kiti cha pili ofisini kwangu akajitetea.

Nchini mwetu mtu ana majina matatu: lake, la baba na la babu. Fomu ya shule inayataka, cheti cha kuzaliwa kinayataka, kitambulisho cha taifa kinayataka. Unaweza kuyajaza kwa jina la baba yako wewe, na wengi wamefanya hivyo bila mtoto kupata shida shuleni. Lakini jina si herufi tu. Kwa Wachaga, kwa Wahaya, kwa Wasukuma na kwa wengine wengi, jina ni njia ya kwenda mahali fulani, kwenye kaburi fulani, kwa shangazi fulani atakayesema mtoto huyu kacheka kama marehemu kaka. Mtoto wa mbegu iliyonunuliwa amefungiwa nusu ya njia hiyo kabla hajazaliwa, na aliyeifunga ni mtu mzima aliyesaini fomu.

Hili si wazo la mapadri peke yao. Sheria yetu ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 6, inampa mtoto haki ya kuwa na jina, uraia, na kuwajua wazazi waliomzaa pamoja na ndugu wa ukoo wake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unalo neno linalokaribiana na hilo. Wenzetu waliotangulia katika matibabu haya nao wamelazimika kurudi nyuma. Sweden iliondoa usiri wa watoaji mbegu mwaka 1985. Uingereza ikafuata tarehe 1 Aprili 2005, ili mtoto akifika miaka 18 aweze kuomba jina la mtoaji. Ufaransa, kwa sheria ya Agosti 2021, iliwaruhusu wanawake wasio na waume kupata matibabu haya kwa gharama ya mfuko wa umma. Lakini sheria hiyohiyo ikawapa watoto watakaozaliwa haki ya kumjua mtoaji wakishakuwa watu wazima. Fikiria hapo, msomaji. Serikali isiyofuata mafundisho ya Kanisa katika jambo hili, iliyokubali kulipa gharama zote, bado iliona kwamba mtoto ana deni la kudai.

Kwetu suala hili bado halijatungiwa sheria yake mahususi. Kenya, mbunge Millie Odhiambo alianza kupeleka muswada wa namna hii bungeni mwaka 2014. Mahali ambapo sheria haijasimama, kinachobaki ni makubaliano kati ya mwenye fedha na mwenye huduma, na mtoto hayumo kwenye makubaliano hayo.

Na biashara ipo, tusijidanganye. Mbegu hugandishwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, na benki kubwa, hasa za Denmark na Marekani, huzisafirisha nchi nyingi. Mnunuzi hufungua orodha akaangalia urefu, rangi ya macho, elimu, pengine na picha ya mtoaji akiwa mtoto. Katika baadhi ya benki hizo, mbegu ya mtoaji anayekubali kujulikana baadaye huuzwa ghali kuliko ya yule anayejificha. Yaani kumjua baba yako kunategemea mama yako alikuwa na kiasi gani siku ile. Nakiri nilipolisoma hilo niliweka kitabu pembeni. Uholanzi, Aprili 2023, mahakama ya The Hague ilimkataza mtu mmoja kuendelea kutoa mbegu baada ya kuonekana ana watoto wasiopungua 550 katika nchi mbalimbali. Watoto hao wanaweza kukutana chuoni wakapendana, wala wasijue.

Mtu atasema: hata mila zetu zilikuwa na njia za namna hii. Ni kweli. Kule Mara, Wakurya wana nyumba ntobhu, ambapo mama asiye na mtoto wa kiume humwoa binti, na binti huyo huzaa na mwanaume kwa ajili ya nyumba ya mama yule. Kanisa halikubariki mila hiyo, na mabinti wengine wameumizwa nayo sana. Ila kijiji kilimfahamu mwanaume yule. Mtoto akikua aliweza kunyooshewa kidole: yule pale. Hata wazee wetu, walipotafuta njia ya mkato, hawakufika mahali pa kumfuta kabisa mtu aliyemzaa mtoto.

Wengine hujibu kwamba watoto wengi wana baba nyumbani na ni kama hawana. Baba mlevi, baba mkimbiaji, baba aliyepo Jumapili tu. Nawafahamu, nimewazika baadhi yao na kusikiliza wajane wakilia kwa shida, si kwa huzuni. Lakini baba wa hivyo tunamlaumu, tunamshtaki ustawi wa jamii, tunamwambia amekosa wajibu. Hatuwezi kuuchukua upungufu wake tukaufanya mpango. Vivyo hivyo yatima: huyo alikuwa na baba, Mungu akamwita, na ukoo mzima unamsimulia. Mtoto huyu wa tatu hakupotewa na mtu, alipangiwa kutokuwa naye. Siku atakapouliza, hakuna kaburi la kumwonyesha wala mtu wa kumlaumu isipokuwa mama anayempenda kuliko wote duniani. Nani atapenda kusimama mahali hapo?

Kuhusu fedha nitasema kidogo tu. Kupandikiza mimba kwa yai lililotungwa maabara hugharimu mamilioni ya shilingi kwa mzunguko mmoja, na unachokilipia ni matibabu, mtoto hajaahidiwa. Baada ya miaka 40, kwa mayai ya mama mwenyewe, mizunguko mingi huisha bila mtoto, na mkopo unabaki. Mara nyingi pia hutungwa viinitete zaidi ya kimoja. Vinavyobaki hugandishwa au hutupwa, na kwa imani yetu kila kimoja ni uhai ulioanza. Uliza swali hilo kabla ya kusaini: vingine vitakwenda wapi? Tofauti kabisa na hayo ni tiba za kuondoa uvimbe kwenye kizazi au kuzibua mirija. Hizo Kanisa linaziunga mkono kwa moyo wote, hata kwa asiyeolewa.

Basi nimwambie dada yule nini, zaidi ya hapana? Sina mume wa kumpa. Nadhani pia wanaume wa parokia zetu wanapaswa kusikia kwamba kumweka binti wa watu kwenye uchumba miaka sita ni wizi, kwa sababu miaka ile hairudi. Wazazi wanaopandisha mahari mpaka kijana anakimbia nao wasikie. Sheria ya Mtoto inampa mwanamke raia asiye na mume nafasi ya kuomba kuasili mtoto, kupitia ustawi wa jamii na mahakama. Kuna utaratibu mrefu, na wengine wamekatishwa tamaa na foleni za ofisini, lakini mtoto anayeasiliwa tayari yupo, ameshapotewa, na anayekuja kumchukua anaziba pengo ambalo hakulichimba yeye. Nasema hili kwa tahadhari. Kuasili si dawa ya kumtuliza mwanamke, na asiye na wito huo asisukumwe na padri wala na wanajumuiya. Dada yule hakunijibu. Alisema atasali, akauliza ratiba ya mafungo ya Majilio.

Linabaki jambo la wale ambao tayari wamefanya hivyo. Wapo, na wengine wananisoma asubuhi hii na mtoto yuko pembeni anakunywa chai. Waraka uleule wa 1987 uliokataza njia hiyo ulifundisha pia kwamba kila mtoto anayekuja duniani, kwa namna yoyote alivyotungwa, apokelewe kama zawadi hai ya wema wa Mungu na alelewe kwa upendo. Kumbuka Hajiri. Ishmaeli alizaliwa kwa mpango wa Sara na Abrahamu wa kumsaidia Mungu aliyeonekana kuchelewa, na walipomfukuza jangwani pamoja na mama yake, Mungu aliisikia sauti ya kijana pale alipolala. Hakuuliza alipatikanaje.

Kwa hiyo mama, mwambie mtoto ukweli mapema, kwa maneno ya umri wake, asije akausikia kwa shangazi kwenye msiba. Kitubio kipo kwa ajili yako kama kilivyo kwa ajili yetu sote. Na mlete abatizwe. Sheria ya Kanisa haimnyimi ubatizo mtoto kwa sababu ya namna alivyotungwa. Inataka ridhaa ya mzazi walau mmoja na tumaini la kweli kwamba atalelewa katika imani. Kitabu cha ubatizo kina nafasi ya jina la baba, na pale ambapo baba hajulikani, sheria inaelekeza liandikwe jina la mbatizwa bila kumtaja baba. Makatekista wangu na wa parokia nyingine wanaujua utaratibu huo. Ninachowaomba ni kwamba mkifika kwenye mstari ule, msimuulize mama kwa sauti mbele ya foleni.