Saratani ya Kaposi: kwa nini wengine huishi miaka mingi na wengine hawamalizi mwaka

Mtu akiambiwa kwamba madoa yaliyo mguuni mwake ni saratani, swali linalomjia ni moja: nimebakiza muda gani? Kwa saratani ya Kaposi, jibu limekuwa zuri zaidi katika miaka 30 iliyopita. Lakini halijawa zuri kwa wote, na sisi tunaoishi kwenye makazi ya wakimbizi au vijiji vya jirani nchini Uganda tuna sababu ya kujua kwa nini.

Ugonjwa huu ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1872 na daktari Moritz Kaposi wa Vienna. Ni saratani ya tishu laini inayoanzia kwenye utando wa mishipa ya damu na ya limfu. Ulaya ni nadra. Huku kwetu, Uganda na mashariki mwa Kongo, madaktari waliuona miaka mingi kabla ya UKIMWI kujulikana. Mwaka 1994 watafiti waligundua kirusi kinachousababisha. Kirusi hicho hupita zaidi kwa mate, na wengi walio nacho hawaugui kamwe. Saratani yenyewe huwezi kuipata kwa kumshika mgonjwa mkono au kulala naye nyumba moja. Tena si kila mwenye Kaposi ana virusi vya UKIMWI. Kipimo ndicho kinachosema hilo, si jirani.

Kwa wenye virusi vya UKIMWI, dawa za ARV ndizo msingi wa kuishi muda mrefu. Kinga ya mwili ikirudi, madoa machache ya ngozini yanaweza kupungua, hata kutoweka, bila dawa nyingine. Mambo hubadilika ugonjwa ukiingia mapafuni au tumboni, au mguu ukivimba na kuwa mgumu. Hapo zinahitajika dawa za saratani juu ya ARV.

Dawa ipi? Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, wenye wagonjwa 334 wa nchi sita zikiwemo Uganda na Kenya, ulitoa jibu. Baada ya wiki 48, karibu 64 kati ya kila 100 waliopewa paclitaxel pamoja na ARV walikuwa hai na ugonjwa haujasonga mbele. Kwa waliopewa mchanganyiko wa zamani wa dawa mbili za sindano, walikuwa 44. Vidonge vya etoposide, ambavyo mgonjwa angeweza kuvimezea nyumbani, vilifanya vibaya: 20 tu, dhidi ya 50 wa paclitaxel waliolinganishwa nao. Kwa mtu anayeishi mbali na hospitali hiyo si habari njema. Paclitaxel huingizwa kwa dripu kila baada ya wiki tatu, na kila dripu ina nauli, chakula cha safari na mtu wa kubaki na watoto.

Nani analipa? Kwa sheria ya Uganda mkimbizi anatibiwa katika vituo vya serikali kama mwananchi. Matibabu ya gharama kubwa yakiombewa fedha za UNHCR, utaratibu wa shirika hilo ni kuyapeleka mbele ya kamati ya wataalamu, inayoangalia gharama na matumaini ya mgonjwa kupona. Takwimu zilizochapishwa ni za Jordan: kati ya maombi 511 ya saratani yaliyopelekwa kwa kamati ya huko mwaka 2010 hadi 2012, yaliyokubaliwa ni 246. Sababu kubwa ya kukataa ilikuwa kwamba mgonjwa hana matumaini mazuri.

Siwezi kuilaumu kamati yenye fedha kidogo kwa kuuliza swali hilo. Tatizo ni kwamba matumaini hupotea kabla faili halijaifikia. Mgonjwa amemaliza miezi kwa mganga akiamini amerogwa, au amepewa dawa ya fangasi mara tatu, au kipande cha nyama kilichokatwa kwa uchunguzi kimechelewa kurudisha majibu. Kuchelewa kunamnyima mwili na kunamnyima fedha kwa pamoja.

Mwaka 2025 uliongeza uzito. Januari, serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Baadaye huduma za ARV za kuokoa maisha ziliruhusiwa kuendelea, lakini wagonjwa wengi walikuwa wameshaingiwa na hofu. Juni, UNHCR ilitangaza kuondoa nafasi za kazi zipatazo 3,500. Mwenye Kaposi akikatiza ARV, ugonjwa uliotulia unaweza kurudi. Hilo halichagui mkimbizi wala mwenyeji, maana wote wanapanga foleni moja.

Kwa hiyo usisubiri maumivu, kwa kuwa madoa haya mwanzoni mara nyingi hayaumi wala hayawashi. Ukiona doa jeusi, la kahawia au la zambarau lisiloondoka, au uvimbe kwenye kaakaa au ufizi, nenda kituo cha afya na uombe lichunguzwe. Omba pia kipimo cha virusi vya UKIMWI. Na kama unahama makazi au unarudi nyumbani, usiondoke bila barua ya uhamisho, kadi ya ARV, nakala ya majibu ya uchunguzi na dawa za kukufikisha huko uendako.