Mungu wa Moto Asiye na Mlima: Dhidi ya Dini Iliyobuniwa na Wahakiki

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kenya umemlea kwa muda mrefu mungu asiyekuwa na muumini hata mmoja. Mungu huyu ni mkali, hupenda moto, hudai damu, na huzuka kila mara nyumba inapoteketezwa katika riwaya. Mhusika akiwasha kiberiti, mhakiki hukimbilia "imani za jadi". Radi ikipiga katika sura ya tatu, mwanafunzi wa uzamili huandika kwamba mwandishi amerejea kwenye mizizi ya wazee wake. Ukimtafuta mungu huyo nje ya tanbihi, humpati. Hana mlima, hana mti, hana sala, wala hana sadaka.

Makala haya yanadai kwamba dini ya mungu wa moto, kama inavyohusishwa na nchi ya Wakikuyu, ni dini ya kubuni, na kwamba sehemu kubwa ya ubunifu huo haikufanywa na waandishi wa riwaya bali na wasomaji wao. Mwandishi ana haki ya kubuni mungu yeyote amtakaye. Mhakiki hana haki ya kumpa mungu huyo cheti cha kuzaliwa. Ili hoja isielee hewani, itapimwa mahali pamoja: Mugutha na ardhi iliyo baina ya Ruiru na Thika, ambako ushahidi wa pande zote mbili uko karibu.

Mlima wa mvua

Shahidi wa kwanza ni Jomo Kenyatta. Katika Facing Mount Kenya, kitabu kilichotolewa mwaka 1938, anaeleza kwamba Ngai hukaa mbinguni na ana makao ya muda katika milima minne: Kirinyaga, Nyandarua, Ngong, na mlima wa upande wa mashariki unaoitwa Kianjahi, ambao kwa kawaida hutambuliwa kuwa ni Kilimambogo. Huo wa mwisho ndio ulio jirani na Thika. Kenyatta anautaja kuwa ni mlima wa mvua kubwa. Hivyo, katika ramani ya imani ambayo mhakiki hudai kuifasiri, mlima ulio karibu zaidi na Mugutha ni mlima wa maji.

Ni kweli, na haifai kufichwa, kwamba Kenyatta huyo huyo anazungumzia ngurumo na radi. Ngurumo ni mlio wa viungo vya Ngai anapojinyoosha kama shujaa anayejiandaa. Radi ni silaha yake ya kusafishia njia anapotoka makao mamoja kwenda mengine. Hapa ndipo wapenzi wa mungu wa moto hushangilia. Lakini yafaa wasome kurasa zinazofuata. Radi ni chombo cha safari, si kitu kinachoabudiwa. Watu walipokusanyika chini ya mugumo, walipeleka mwanakondoo wa rangi moja, nao waliomba mvua. Aidha, Ngai anayeelezwa humo hasumbuliwi kwa mambo madogo ya mtu mmoja. Huyo ni mungu wa mbali, mpole kwa kiasi fulani, anayeombwa na jamii nzima wakati wa shida. Kumgeuza kuwa mlinzi wa wachoma nyumba ni sawa na kusoma Zaburi ambamo sauti ya Mungu hutoa miali ya moto, kisha kutangaza kwamba Wakristo huabudu umeme.

Moto wa mgeni

Kama Ngai si mungu wa moto, moto mkali uliomo katika masimulizi ya eneo hili unatoka wapi? Jibu limo katika utabiri wa Mugo wa Kibiru, ambao Kenyatta aliuandika na ambao Ngũgĩ wa Thiong'o aliutumia katika The River Between mwaka 1965. Mtabiri huyo anasimuliwa kuwa aliona wageni wakija na fimbo zitoazo moto, na nyoka wa chuma atemaye moto akipita nchini. Fimbo ni bunduki, na nyoka ni gari la moshi. Reli ya kutoka Nairobi ilipita Ruiru na kufika Thika mwaka 1913. Kwa maneno mengine, katika simulizi ya wenyeji wenyewe moto wa vurugu una mwenyewe, naye ni mgeni. Mhakiki anayeuchukua moto huo na kuukabidhi kwa Ngai amebadilisha mshtakiwa katikati ya kesi.

Simulizi ya mugumo wa Thika inathibitisha jambo hilo kwa namna nyingine. Inasemekana kwamba Mugo wa Kibiru alitabiri kuwa mti huo ukianguka, utawala wa Waingereza utakwisha, na kwamba watawala, ambao hadharani waliyacheka mambo hayo, waliuimarisha mti kwa ukuta. Simulizi husema kwamba mwaka 1963 radi iliupasua. Ikiwa kuna mahali ambapo mungu wa moto alipaswa kupata waumini, ni hapo. Hata hivyo hakuzaliwa dhehebu la radi. Watu wa Thika waliichukua radi kama habari: kuna aliyekuwa anaondoka. Mti ndio uliopewa heshima, na bustani iliyopo pale bado inaitwa kwa jina la mugumo.

Kiwanda cha mungu mkali

Itasemwa kwamba ubishi huu ni wa madarasani, na kwamba tafsiri mbaya ya riwaya haimwui mtu. Historia ya eneo hili inakataa. Katika miaka ya mwishoni mwa 1920 na mwanzoni mwa 1930 walitokea Arathi, yaani manabii, ambao leo wanajulikana zaidi kama Akorino. Walisoma Biblia kwa lugha yao, walisali wakielekea Kirinyaga, walivaa mavazi meupe, walikataa vitu vingi vya Kizungu, na baadhi yao walibeba pinde na mishale. Serikali ya kikoloni ilikwisha kuamini kwamba dini yoyote ya Mkikuyu isiyosimamiwa na misheni ni dini ya vurugu. Mwezi Februari mwaka 1934 polisi waliwavamia baadhi yao katika msitu wa Ndarugu na kuwaua watatu kwa risasi. Mto wenye jina hilo hilo unashuka kuelekea nchi ya Juja na Thika. Waumini hao waliuawa na watu waliokwisha kuwasoma kabla ya kuwasikiliza.

Miaka 20 baadaye usomaji huo ulipata vitabu vyake. Baada ya hali ya hatari kutangazwa mnamo tarehe 20 Oktoba 1952, L. S. B. Leakey, mtu aliyezaliwa Kabete na aliyekijua Kikuyu vizuri, alidai katika Defeating Mau Mau mwaka 1954 kwamba Mau Mau kwa hakika ni dini. Mwaka uliofuata Robert Ruark, mwandishi wa Marekani, alitoa riwaya ya Something of Value, ambamo kiapo kinasawiriwa kama ibada ya kutisha. Kwa njia hiyo suala la ardhi lilihamishwa kutoka baraza la madai na kupelekwa katika madhabahu. Mtu anayedai shamba anaweza kujibiwa; mtu aliyepagawa na mungu mkali hajibiwi, hufungwa tu.

Moto wa Lari, usiku wa tarehe 26 Machi 1953, ulikuwa moto wa kweli, na wanawake na watoto waliteketea ndani ya nyumba zao. Uhakiki unaojiheshimu hauwezi kuupamba. Lakini chanzo chake kinajulikana: ugomvi wa ardhi uliotokana na watu kuhamishwa kutoka Tigoni ili kuwapisha walowezi. Anayeueleza unyama ule kwa kumtaja mungu wa moto anawakosea waliokufa mara mbili. Anawaondoa waliowasha moto katika dhamana yao, na anawaondoa waliopanga uhamisho katika historia.

Moto wa Munira

Ushahidi mkubwa wa wapinzani ni Petals of Blood ya Ngũgĩ, iliyotolewa mwaka 1977. Riwaya inaanza na vifo vya wakurugenzi watatu wa kiwanda cha pombe, Chui, Kimeria na Mzigo, walioungua katika nyumba ya Wanja mjini Ilmorog. Mwishoni inabainika kwamba aliyewasha moto ni Munira, mwalimu aliyeokoka, aliyeamini kwamba anatimiza sheria ya Mungu na kumwokoa Karega kutoka mikononi mwa Wanja. Hii kwa hakika ni dini ya kubuni yenye mungu mkali wa moto. Swali ni moja tu: mungu huyo alizaliwa wapi?

Matini yenyewe inajibu. Munira ni mtoto wa Ezekieli, mwenye mashamba na nguzo ya kanisa. Akiwa kijana, baada ya kwenda kwa mwanamke aitwaye Amina, alijitengenezea mfano mdogo wa nyumba ya mwanamke huyo na kuuchoma kwa kiberiti alichoiba, ili ajitakase. Tendo la Ilmorog ni marudio ya mchezo huo wa kijana mwenye hofu. Hakuna mugumo katika safari yake ya imani, hakuna mwanakondoo, hakuna mlima. Kuna jehanamu ya mahubiri, kuna baba tajiri asiyeridhika, na kuna aibu ya mwili. Mhakiki anayeusoma moto wa Munira kama mwangwi wa Ngai ameuruka ukurasa ambao mwandishi aliuweka makusudi ili asipotee.

Mfano wa pili unatoka mbali, na unaonyesha jinsi mungu huyu anavyosafiri. Mwaka 1988 Mike Resnick, Mmarekani, alichapisha hadithi ya kisayansi iitwayo "Kirinyaga", iliyopata tuzo ya Hugo mwaka 1989 na ambayo baadaye ilikuwa sehemu ya kitabu cha mwaka 1998. Humo mganga Koriba anatawala ulimwengu mdogo wa Wakikuyu ulioundwa angani. Anamwua mtoto mchanga aliyezaliwa kwa kutanguliza miguu, na anapopingwa huleta ukame kwa msaada wa kompyuta, watu wakidhani ni adhabu ya Ngai. Hadithi hiyo ina akili kuliko wasomaji wake wengi, kwani inafichua kwamba ghadhabu ya mungu ni chombo cha mtu mmoja mwenye madaraka. Msomaji anayefunga kitabu akidhani amejifunza dini ya Wakikuyu amefanya kile kile walichofanya raia wa Koriba: amekubali kompyuta kuwa ni mungu.

Uhuru wa mwandishi, wajibu wa mhakiki

Hoja hii isichukuliwe kuwa ni wito wa kuwafunga waandishi katika makumbusho. Ebrahim Hussein alipoandika Kinjeketile mwaka 1969 alimchukua mtu wa historia, mtabiri wa Ngarambe aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1905, akampa mashaka na mgogoro wa nafsi unaotokana na neno lake mwenyewe. Lakini aliwatahadharisha wasomaji kwamba mhusika wake ni zao la ubunifu, si nakala ya mtu yule. Baina ya maji ya jukwaani na maji ya Ngarambe aliacha mlango, na mlango huo haukuidhoofisha tamthilia.

Wajibu wa mhakiki ni kuulinda mlango huo. Akutanapo na mungu mkali katika riwaya, na aulize maswali matatu kabla ya kutamka neno "jadi". Mungu huyu anaombwa nini, na nani? Maneno ya ibada yake yametoka katika sala za wenyeji, katika mahubiri ya misheni, au katika faili la mkuu wa wilaya? Na moto ukishazimika, nani amebaki na shamba? Maswali hayo hayahitaji nadharia mpya. Yanahitaji kusoma hadi mwisho wa kitabu, na kusoma kitabu kingine pembeni yake.

Kuna mwanafunzi wa Mugutha ambaye atakuja chuoni na kukuta tasnifu zikimweleza kwamba wazee wake waliabudu moto. Huenda akaona haya, au, jambo ambalo ni baya zaidi, huenda akaona fahari na kuanza kuandika mashairi ya kumsifu mungu ambaye nyanya yake hakuwahi kumsikia. Nyanya huyo, anga likitanda upande wa Kilimambogo, alianua nafaka na kutafuta jembe. Alijua kilichokuwa kinakuja, nacho hakikuwa moto.