MAONI YETU: DENI LA KODI HALIKIMBIWI



Wako wafanya kazi wengi hapa Rangwe, kuanzia Kochia hata Asumbi, ambao wakisikia jina la KRA moyo huwaruka. Mlinzi, mpishi wa shule, karani wa duka na dereva hukatwa kodi kila mwisho wa mwezi, nao hudhani mambo yamekwisha hapo. Halafu siku moja benki yamwambia mtu kwamba pesa zake zimezuiwa, au mwajiri ameagizwa kumkata zaidi kwa deni la miaka iliyopita. Hapo ndipo mtu huja mbio kwa katibu wa tawi akiuliza, "Deni hili limetoka wapi?" Mara nyingi jibu ni kwamba lilianza zamani, na siku za kulipinga zimekwisha pita yeye akiwa hana habari.

Yafaa tujue kwanza kwamba madeni haya si ya namna moja.

La kwanza ni faini ya kutopeleka ritani. Vijana wengi huchukua namba ya PIN ili wapate mkopo wa masomo au kazi, kisha huisahau. Ritani ya mwaka hutakiwa kufikia tarehe 30 Juni ya mwaka unaofuata. Asiyeipeleka hutozwa Shs. 2,000/= au asilimia 5 ya kodi anayodaiwa, ile iliyo kubwa. Miaka mitano ya kusahau ni Shs. 10,000/= hata kama mtu hakudaiwa kodi.

La pili huzaliwa na haraka yetu wenyewe. Mtu mwenye mshahara huenda saiba mwisho wa Juni, hukuta foleni ndefu, na kijana wa pale humjazia ritani ya sufuri kana kwamba hakupata hata senti moja mwaka mzima. Karatasi hiyo ni ya uongo na imeandikwa kwa jina la mfanya kazi, si la kijana wa saiba.

La tatu ndilo baya kuliko yote. Mwajiri hukata kodi ya PAYE katika mshahara, lakini haipeleki serikalini. Mfanya kazi amekwisha lipa, ila vitabu vya KRA havionyeshi kitu. Ndugu, sikieni vizuri. Sheria ya Kodi ya Mapato yasema kwamba kodi iliyokatwa na mwajiri huhesabiwa kuwa imelipwa na mfanya kazi. Anayepaswa kuulizwa ni yule aliyeikata. Lakini ushahidi ni karatasi ya mshahara na fomu P9. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe hesabu ya mshahara kwa maandishi, ikionyesha kila kilichokatwa na sababu yake. Asiyetunza karatasi hizo huenda vitani bila mkuki.

Sasa, mtu afanye nini akipata barua ya madai? Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015 yampa siku 30 tangu alipoarifiwa kuandika pingamizi. Pingamizi si malalamiko tu. Lazima litaje kosa liko wapi, mtu ataka nini kibadilishwe na kwa sababu gani, na liwe na karatasi za ushahidi. Ile sehemu ya deni ambayo hapingi, ailipe au apatane na KRA kuilipa kidogo kidogo. Kama alichelewa kwa ugonjwa, kwa kuwa nje ya nchi au kwa sababu nyingine ya haki, aweza kuomba aongezewe muda. Asipoandika kitu, deni huchukuliwa kuwa limekubaliwa, na hapo KRA yaweza kuiandikia benki au mwajiri.

Jibu la KRA lisipomridhisha, ana siku 30 nyingine za kwenda kwenye Baraza la Rufaa za Kodi, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2013, na baada ya hapo Mahakama Kuu. Iko pia njia ya kupatana nje ya mahakama, nayo yapunguza gharama ikiwa pande zote mbili zataka kweli.

Na yule ambaye deni ni lake kweli, asijifiche. Tuchukue deni la Shs. 40,000/=. Faini ya kuchelewa kulipa ni asilimia 5, yaani Shs. 2,000/=. Riba ni asilimia moja kila mwezi, yaani Shs. 400/=. Mwaka mmoja wa kunyamaza umeongeza Shs. 6,800/=. Mtu huyo angaliandika mapema akaomba kulipa kwa mafungu, angalijua anatoa kiasi gani kila mwezi na angalilala usingizi. Wengine hungoja msamaha. Ni kweli serikali ilisamehe faini na riba kwa waliolipa kodi yenyewe, mara ya kwanza kuanzia Septemba 2023 hata Juni 2024, na mara ya pili mpaka tarehe 30 Juni 2025. Lakini nani aliyekula shibe kwa kungoja karamu ambayo hajaalikwa?

Twafika sasa kwenye jambo linalotufanya tuandike. Kufungua rufaa mbele ya Baraza kwahitaji ada ya Shs. 20,000/= ambayo hairudishwi. Kwa mtu anayebishania Shs. 40,000/=, hiyo ni nusu ya deni kabla hajamlipa wakili hata senti. Sheria yamruhusu mtu kusimama mwenyewe, lakini mpishi wa shule atasimamaje mbele ya mawakili wa serikali na kueleza vifungu vya sheria? Ndiyo maana wengi huacha haki yao ipotee.

Wenye nguvu hawaachi. Mwaka 2023 Bunge la Taifa lilikubali kufutwa kwa madeni ya mabilioni ya shilingi ya viwanda vya sukari vya serikali, pamoja na cha jirani yetu Awendo, na ndani yake mlikuwa na kodi na faini zake. Hatukuona vibaya, kwani viwanda hivyo ni kazi ya watu wetu. Twauliza tu: kama kiwanda chaweza kupata watu wa kukisemea, mlinzi asemewe na nani?

Wako wanachama wasemao kwamba kodi ni jambo la mtu na nyumba yake, na kwamba ada ya chama isitumiwe hapo. Twaheshimu fikira zao, lakini hatukubaliani nao. PAYE hutoka katika mshahara, na mshahara ndio sababu ya chama kuwako. Mwajiri aliyekata pesa za watu 30 asizipeleke hakuwakosea watu 30 mmoja mmoja. Amewakosea wote pamoja, na barua moja ya wakili kwa ajili ya wote ni rahisi kuliko barua 30.

Wazee wetu walijua haya. Desemba 1921 watu walikusanyika Lundha, katika Gem ya Siaya, wakalalamikia kodi na kipande kwa sauti moja, na harakati yao ikaitwa Piny Owacho. Mwaka uliofuata kodi ya kichwa ilishushwa kutoka shilingi 16 hadi 12. Hawakufaulu katika yote, lakini hawakukimbilia msituni. Walikaa, wakaandika madai yao, wakayapeleka kwa wakubwa.

Kwa hiyo twaleta shauri hili mbele ya mkutano wa tawi: itengwe sehemu ya ada ya chama kwa kumlipa wakili mmoja au wakala wa kodi mwenye leseni, asome barua za wanachama na kuandika mapingamizi kabla ya siku 30 kwisha. Asiye na uwezo asaidiwe pia kuomba kwa Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Na wale watu wa mitaani wanaoahidi kufuta deni kwa "kitu kidogo", msiwape PIN wala nywila yenu. Watakula pesa na deni litabaki.

Kabla ya mkutano, kila mwanachama atafute mambo matatu: karatasi zake za mshahara, fomu P9 za kila mwaka, na ile barua-pepe iliyotumiwa kufungua PIN, maana barua za KRA huenda huko. Aliye na barua asiyoielewa ailete kwa katibu sasa, hata kama bado hajaifungua. Siku 30 haziingoji ajenda yetu.