Refa na Watukanaji Wake

Msomaji wangu, huenda umepata kusimama kando ya uwanja siku ya Jumamosi, timu mbili za watoto zikicheza kandanda, ukamsikia mtu mzima mwenye heshima zake, mtu ambaye asubuhi ile aliwaamkia jirani zake kwa adabu, akimwita refa mwizi, kipofu na mpumbavu. Labda ulicheka. Labda nawe uliitikia. Sikulaumu bado, nitakulaumu baadaye kidogo. Kwanza nataka nikuulize: lau mtu yule angaliyasema maneno yale sokoni, au mlangoni mwa kanisa au msikiti, au barazani mbele ya chifu, ungalicheka? Mstari wa chokaa una uchawi gani hata mwungwana akisimama karibu nao ageuke mhuni, na sisi tuone kuwa hiyo ndiyo ada ya mchezo?

Nasema kuwa tusi analotupiwa refa wa watoto si joto la mchezo, si mapenzi ya timu, wala si jambo la kuvumiliwa. Tena nasema kuwa refa anayelivumilia, akidhani anaonyesha upole, ni mshirika katika kosa. Nayasema haya bila kujitukuza, maana mimi mwenyewe nimepata kuwa refa wa namna hiyo.

Chuoni tulikosomea ualimu tulifundishwa kupima uwanja, kuchora mistari, kukagua nyavu na kutunza saa. Hakuna aliyetufundisha la kufanya mtu akikutukana mbele ya watoto unaowasomesha. Mkufunzi wetu wa michezo alikuwa na neno moja tu juu ya jambo hilo: refa mwema ni kiziwi. Nalilishika neno lile kama amana, nikatoka nalo chuoni pamoja na cheti changu.

Miaka michache baadaye nilichezesha mechi ya wavulana wa chini ya miaka kumi na minne. Sitaitaja shule wala mtu. Mshika kibendera wangu mmoja alikuwa mwanafunzi wa kidato cha pili, kijana mtulivu aliyeipenda kazi ile kuliko hata kucheza. Timu zilikuwa sare, bao moja kwa moja, wageni walipofunga la pili. Kijana akainua kibendera kuonyesha kuwa mfungaji alikuwa ameotea. Nikapiga kipenga, nikalikataa bao. Papo hapo mzazi mmoja, baba wa nahodha wa wageni, akamgeukia yule kijana. Hakumtukana kwa kosa lake. Alimtukana kwa kabila lake, kwa sauti iliyosikika uwanja mzima. Nami, mwanafunzi mwema wa mkufunzi wangu, nikawa kiziwi.

Hazikupita dakika tano, nahodha mwenyewe akalirudia tusi lile lile alilolisema baba yake, neno kwa neno. Nikamtazama kwa jicho kali, basi. Mtoto gani asiyeweza kuhesabu? Baba amesema, hakuna lililotokea. Mwana amesema, hakuna lililotokea. Kipenga cha mwisho kilipolia, wavulana saba au wanane walimzunguka mshika kibendera, na mmoja wao akamzaba kofi. Tuliwatenganisha. Baadaye kijana aliniletea kibendera, amekizungusha vizuri kwenye kijiti chake, akaniambia, "Mwalimu, naomba usinipe tena kazi hii." Hajairudia hata leo.

Huenda wataka kujua kama mfungaji alikuwa ameotea kweli. Nikwambie bila kuficha: nadhani kijana alikosea. Nalikuwa mbali, nikamwamini, na sijuti kumwamini. Lakini wewe ukiona kuwa kosa lake lapunguza ubaya wa tusi na kofi, basi ni wewe hasa ninayekuandikia. Mwanafunzi akikosea hesabu ubaoni humtukani kabila lake. Mshambuliaji akipiga mpira juu ya lango tupu, wazazi humshangilia ili asivunjike moyo. Refa peke yake ndiye asiyeruhusiwa kukosea, naye ndiye afanyaye uamuzi mwingi kuliko mtu yeyote uwanjani, mara nyingi bila malipo, na bila televisheni ya kumrudishia picha.

Yafaa ujue refa alitoka wapi. Zamani za kandanda ya Uingereza hakukuwa na mtu mwenye kipenga katikati ya uwanja. Kila timu ilileta mwamuzi wake, na waamuzi hao wawili waliposhindwa kupatana, jambo lilipelekwa kwa mtu wa tatu aliyekaa nje ya mstari. Jina lake la Kiingereza, tulilolifupisha sisi tukasema refa, lina maana hiyo hiyo ya mtu anayepelekewa shauri. Mwaka 1891 mtu huyo wa tatu aliingizwa uwanjani akapewa mamlaka yote, na wale wawili wakawa washika vibendera. Basi refa hakuletwa kwa sababu hakosei. Aliletwa kwa sababu kila upande ulijipendelea, na mchezo haukuweza kuendelea pasipo mtu ambaye neno lake ni la mwisho. Sheria ya tano ya mchezo yasema hivyo hata leo: uamuzi wa refa juu ya mambo yaliyotokea katika mchezo ni wa mwisho.

Sheria ya kumi na mbili nayo haina kigugumizi. Anayepinga uamuzi kwa maneno au vitendo apewe kadi ya manjano; anayetumia lugha au ishara ya matusi apewe nyekundu, atoke. Haikuandikwa "akirudia mara tatu", wala "akiwa mtu mzima". Kadi zenyewe zilianza katika Kombe la Dunia la Meksiko, mwaka 1970, na aliyezibuni ni Ken Aston, Mwingereza, baada ya vurugu ya mechi ya Uingereza na Ajentina ya mwaka 1966. Alikuwa akiendesha gari mjini London, akaona taa za barabarani, akapata wazo. Mtu huyo alikuwa mwalimu wa shule, jambo ambalo halinishangazi hata kidogo.

Watetezi wa tusi wana hoja yao kubwa: hasira. Wanadai kuwa damu ya mchezaji huchemka, na ulimi humponyoka. Haya, nitazame vizuri hasira hiyo. Siku ile ya kofi, mwalimu mkuu wa shule ya wageni alikuwa amesimama hatua kumi kutoka kwa nahodha. Yeye hakutukanwa. Daktari wa huduma ya kwanza hakutukanwa. Askari wa langoni mwenye rungu hakutukanwa. Alitukanwa mvulana wa miaka kumi na sita mwenye kibendera. Hasira inayojua kuchagua mtu wa kumwangukia, ikawapita wote wenye nguvu ikamfikia mnyonge, si hasira iliyomshinda mwenyewe. Ni woga uliovaa nguo za ushujaa.

Wengine watasema maneno hayavunji mfupa. Mnamo Desemba mwaka 2012, katika mji wa Almere nchini Uholanzi, baba mmoja alijitolea kushika kibendera katika mechi ya timu ya mwanawe. Baada ya mechi, wachezaji wa timu pinzani, vijana wa umri wako wewe unayesoma, walimshambulia kwa ngumi na mateke. Kesho yake alikufa. Mwaka uliofuata mahakama iliwatia hatiani vijana sita pamoja na mtu mzima mmoja, baba wa mmoja wao. Mwishoni mwa juma baada ya kifo kile, mechi zote za ridhaa nchini Uholanzi zilifutwa. Sisemi kuwa kila tusi huua. Nasema kuwa kati ya ulimi na mkono hakuna ukuta, na usipoziba ufa utajenga ukuta. Huko Uingereza, mwaka 2023, baadhi ya marefa wa mechi za ridhaa walianza kufanyiwa majaribio ya kuvaa kamera kifuani, kama askari polisi wanaoingia mtaa wenye fujo. Fikiri: kamera, ili mtu aweze kuchezesha mpira wa Jumapili!

Ipo pia hoja ya rushwa. Wapo marefa walionunuliwa, na mimi siwatetei. Lakini shule ina mwalimu wa michezo, na mashindano yana kamati. Malalamiko huandikwa, hutiwa sahihi, hupelekwa. Sijapata kuona bao lililorudishwa kwa matusi.

Afanye nini basi refa? Kwa mchezaji, jambo ni rahisi na lataka moyo tu: tusi la kwanza, kadi ya kwanza, bila hotuba. Refa anayesubiri tusi la tatu amewafundisha wachezaji kuwa mawili ya kwanza ni bure. Kwa mzazi, kadi haifai kitu. Hayumo katika orodha ya timu. Hata hivyo sheria imempa refa uwezo wa kusimamisha mchezo, kuuahirisha, hata kuuvunja kabisa, watu wa nje wakiuingilia. Autumie. Asimwendee mzazi wala kujibizana naye, maana ndicho anachokitaka yule. Asimamishe mpira, amwite mwalimu wa timu, amwambie kwa sauti ya kawaida: mtu yule akiondoka tutaendelea. Kisha angoje. Jioni aandike taarifa, na asiandike "alitukana" tu. Aliandike tusi lenyewe kama lilivyosemwa, na dakika yake, hata kama mkono utaona haya. Kamati nyingi huamka pale tu zinaposoma maneno yenyewe.

Nasikia mtu akisema kuwa kuvunja mechi ni kuwaadhibu watoto kwa kosa la mzee. Ni kweli, na inauma. Lakini mtoto anayemsikiliza baba yake akitukana kwa dakika themanini, na watu wazima wote wamenyamaza, hajaachwa bila adhabu. Ameadhibiwa zaidi, ila hajui bado.

Wala si lazima tukope dawa ya jambo hili kutoka mbali. Chama cha michezo cha vijana wa Mathare, MYSA, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1987, kiliweka kanuni kuwa nahodha peke yake ndiye azungumzaye na refa. Na mchezaji aliyetolewa kwa kumsumbua refa hakurudi kucheza mpaka achezeshe mechi kadhaa za watoto wadogo, yeye mwenyewe ameshika kipenga. Sijaona adhabu yenye akili kuliko hiyo. Mpe mtukanaji kipenga, mweke katikati ya watoto ishirini na wawili wanaopiga kelele, na mama zao pembeni, kisha umwulize baada ya mechi kama refa ni kipofu. Miaka mingi baadaye, mwaka 2024, katika mashindano ya mataifa ya Ulaya yaliyochezwa Ujerumani, wakubwa wa kandanda walitoa agizo kuwa nahodha peke yake amwendee refa, nao ulimwengu ukapiga makofi kama kwamba ni jambo jipya.

Sasa lawama niliyokuahidi. Wewe uliyecheka kando ya uwanja, mtukanaji alikutazama wewe. Alitupa tusi lake kama mvuvi atupavyo ndoana, na kicheko chako ndicho samaki aliyemtaka. Mtu hatukani peke yake porini. Nawe uliye nahodha, unapowaacha wenzako wanne wamkimbilie refa wakimnyoshea vidole, kisha ukasema hukuwaona, kitambaa kilicho mkononi mwako hukukistahili. Na wewe ambaye baba yako ndiye apigaye kelele, najua mzigo wako. Siwezi kukuagiza umkemee mzazi wako. Lakini hulazimiki kulibeba neno lake mpaka ndani ya uwanja.

Baada ya siku ya kofi nilikaa miezi mingi bila kushika kipenga, kwa haya zaidi kuliko woga. Niliporudi, mechi yangu ya tatu ilikuwa ya wasichana. Nilitoa penalti, halali kabisa safari hii, na mama wa golikipa akaanza: kwanza mimi, halafu ukoo wangu, halafu chuo kilichonipa cheti. Nikasimamisha mchezo. Nikamwita mwalimu wa timu yao, nikamwambia nilichokuambia hapo juu. Mwalimu akamwendea. Mama akajibu kuwa yeye hulipa karo, na hakuna mtu wa kumwondoa mahali ambapo amelipia. Nikatazama saa yangu. Wasichana wakaketi nyasini, wengine wakaanza kusukana nywele. Zilipita dakika nne, nazo zilikuwa ndefu kuliko kipindi kizima.

Mwishowe golikipa mwenyewe alitoka langoni, glavu zake mikononi, akaenda mpaka pembeni akamnong'oneza mama yake. Sikusikia alichosema. Mama akachukua kikapu chake akaenda kuketi chini ya mti nje ya ua. Penalti ikapigwa, ikaingia. Tukamaliza mechi, mabao mawili kwa moja, wakashindwa. Wakati wa kutoka yule mama alinipita bila kuniamkia, nami sikumdai salamu.