Mlima Haukusema Hivyo

Kila likizo ikiisha simu yangu hujaa vilele. Wanafunzi kumi na tano wamesimama Point Lenana, mita 4,985, midomo imekauka, bendera imeshikwa ncha mbili, na chini ya picha maneno ni yale yale: mlima umenifunza kwamba nikitaka naweza. Wengine huandika ati mipaka iko akilini tu. Mlima haukusema hivyo, jamani. Hayo mlipanda nayo kutoka Mombasa na mkateremka nayo.

Ukishapita mita elfu nne, kichwa kikaanza kupasuka na ukawa watapika, waweza kutaka mpaka machozi yakutoke. Dawa ya kuaminika ni kushuka. Ugonjwa wa mwinuko hauulizi umefanya mazoezi kiasi gani, na yule barobaro aliyekimbilia mbele ili aonekane ndiye aliyejiweka hatarini zaidi. Mpaka uko kwenye mapafu, si akilini.

Msidhani nasema kwa wivu. (Wivu pia upo, lakini si hoja.) Nami nimepanda Kasigau, mita 1,641, ule mlima wa Taita unaokata kushoto Maungu kuuendea. Tulitoka Changamwe alfajiri na kundi la wanafunzi, shilingi 3,500 kila kichwa, na wa Likoni wawili niliowajua walibaki nyumbani kwa sababu ya hizo 3,500. Kiongozi wetu, mzee wa kijiji cha chini ya mlima, alitutazama tukitembea kidogo, kisha akamtoa binti aliyekuwa akihema kuliko wote, akamweka mbele, nyuma yake yeye tu. Mwenzake akakaa mkiani. Ikawa marufuku kumpita yule binti. Wenye nguvu walinung'unika wee, lakini tulifika sote. Nusu ya njia mkoba wa binti ulikuwa mgongoni kwa mzee.

Jioni ile mwenyekiti wa kundi akapandisha picha: wanaojitahidi hufika. Mzee hayumo pichani. Ndiye aliyepiga.

Na huu si mchezo wa jana. 1848 Johannes Rebmann alitoka Rabai, hapa hapa bara yetu, akaiona theluji ya Kilimanjaro, na wataalamu wa London wakabishana naye miaka. Wanafunzi wote wamesikia jina lake. Aliyeongoza msafara ule alikuwa Bwana Kheri, mtu wa huku kwetu pwani. Muulize mwanafunzi yeyote Kisauni ni nani Bwana Kheri, uone atakavyokukodolea macho.

Sasa nifike ninapotaka. Mwaka wangu wa pili karo ilinishinda. Sikitaji chuo. Nilizuiwa kufanya mtihani, nikakaa nje ya ukumbi na kalamu yangu mfukoni, wenzangu wakiingia. Nilipoandika kwenye kundi la WhatsApp la wapanda milima kwamba naacha, jibu la kwanza lilikuwa: pambana ndugu, ukitaka utaweza. La pili lilikuwa mkono wenye msuli. Hawa ndio waliotembea siku nzima kwa mwendo wa mtu wa mwisho na kuona kwa macho yao kwamba unafikisha! Hakuna hata mmoja aliyeuliza nadaiwa kiasi gani.

Mtasema kundi la matembezi si benki. Sawa. Lakini basi msituhubirie. Kama mnachopanda kutafuta ni hewa safi na picha, semeni hewa na picha, sina ugomvi, Mombasa kuna joto. Mkisema mlima umewafunza maisha, nataka kuona mkichanga hata mia mia kwa aliyekwama, na nauli ya wale wawili wa Likoni ikiingizwa kwenye hesabu kabla basi halijakodiwa. Nataka kuona pia jina la mpagazi chini ya picha, na alicholipwa.

Bado sijajitoa kwenye kundi. Tangazo la Lenana limeingia jana usiku: shilingi 18,000, mwisho wa kulipa ni Ijumaa, atakayechelewa nafasi yake itapewa mwengine.