Dawa ya Maumivu Haigawiwi Kama Halua



Kila nyumba ya harusi ninayoingia sikosi kumkuta mama mwenye pakiti ya vidonge kwenye mkoba. Mpishi kasimama kwenye sufuria ya biriani tangu alfajiri, kiuno kinamkata: "Meza hiki." Biharusi kakalishwa hina na piko mchana kutwa, mgongo unamuuma: "Meza hiki shoga, mimi kimenifaa." Kidonge chenyewe mara nyingi ni diklofenaki au ibuprofeni, ambacho daktari alimwandikia mama yule kwa magoti yake mwenyewe. Nia ni njema, lakini mimi naona tabia hii tuiache.

Nasema kwa uchungu kwa sababu yamenifika nyumbani. Mama yangu mdogo aliandikiwa diklofenaki ya siku tano kwa ajili ya goti. Goti likapoa, akanogewa. Siku tano zikawa miezi, akawa anajinunulia dukani. Ramadhani ikaingia, akawa anameza kidonge wakati wa daku kwa chai kavu, na jirani akamwongezea ibuprofeni "ili ifanye kazi haraka". Akaanza kupata choo cheusi kama lami. Akaona haya kusema. Usiku mmoja akaanguka kwenye tarawehe. Kidonda cha tumbo kilikuwa kinavuja damu, ikabidi aongezwe damu hospitali. Alhamdulillah yu hai.

Tatizo si kwamba dawa hizi ni mbaya. Zinafanya kazi kwa kupunguza kemikali za mwilini zinazoleta uvimbe na maumivu. Lakini kemikali hizo hizo ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo na kusaidia damu ifike vizuri kwenye figo. Ukizizuia kwenye goti, unazizuia na tumboni. Ndiyo maana daktari huandika kiasi kidogo kinachotosha, kwa siku chache.

Kwa hiyo ukiandikiwa, meza baada ya kula, kwa glasi nzima ya maji. Usizidishe kiasi, na ukisahau kidonge usimeze viwili kwa pamoja. Usichanganye diklofenaki na ibuprofeni, hizo ni ndugu wa tumbo moja. Hata sindano ya diklofenaki haiepushi tumbo, kwani dawa hupita kwenye damu. Kama una presha, pumu, ugonjwa wa moyo au figo, umewahi kuwa na vidonda vya tumbo, au unatumia dawa za kuzuia damu isigande, mwambie daktari kabla hajaandika, usingoje akuulize. Ukiona choo cheusi, ukitapika damu au kitu kama mashapo ya kahawa, ukivimba uso au miguu, ukipungukiwa na mkojo au ukibanwa na pumzi, acha dawa na uende hospitali saa hiyo hiyo. Hapo haya haina nafasi.

Biharusi, hili lako. Dawa hizi zikitumika mfululizo zinaweza kuchelewesha yai kutoka, na ukishapata mimba, kuanzia wiki ya 20 zinaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji ya uzazi. Kwa hiyo kama unatafuta mtoto au siku zako zimepita, sema kwa daktari. Somo wako anakufunza mengi. Na hili naomba aliongeze.

Na Ramadhani? Mwenyezi Mungu amemruhusu mgonjwa kula na kulipa siku nyengine, iko wazi katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185. Kujilazimisha kufunga huku unajidhuru si ucha Mungu zaidi. Lakini si kila mwenye maumivu lazima ale. Mwulize daktari wako mapema, kabla Shaabani haijaisha: pengine dawa itapangwa baada ya futari, au baada ya daku ya chakula cha kushiba, au utapewa jeli ya kupaka kwenye goti, ambayo kidogo tu ndiyo huingia kwenye damu. Anayekunywa maji kidogo mchana kutwa, figo zake zinahitaji huruma zaidi.

Mwili huu ni amana. Tukiazimwa kanga ya mtu tunaitunza isichanike, vipi tumbo tulilopewa na Mola tulichezee? Harusi ijayo, shoga akilalamika mgongo, mpe kiti, mpe maji, mpokee mwiko. Kidonge chako kibakishe mkobani.

Wabillahi tawfiq.