Boksi la viatu lililotupwa: Kadi za zamani za besiboli zinavyomkutanisha mzazi na mtoto

Wanaume wengi wa Marekani walio katika umri wa kuitwa babu wana kisa kimoja kinachofanana. Kijana anaondoka nyumbani kwenda jeshini au chuoni. Uvunguni mwa kitanda anaacha boksi la viatu lililojaa kadi zenye picha za wachezaji wa besiboli. Akirudi likizo, boksi halipo. Mama alifanya usafi.

Ni vigumu kumlaumu mama huyo. Machoni pake yale yalikuwa makaratasi yaliyokuja na bigijii ya senti, yakachakaa mikononi mwa watoto, mengine yakabanwa kwenye spoku za baiskeli ili gurudumu litoe mlio wa pikipiki. Angejuaje kwamba Agosti 2022 kadi moja ya mchezaji Mickey Mantle, iliyochapishwa mwaka 1952, ingeuzwa mnadani kwa dola milioni 12.6?

Hata hivyo, wanaume hao wakisimulia kisa hicho, mara nyingi hawaanzi na fedha. Huanza na jinsi walivyokaa barazani na kaka zao wakibadilishana kadi, au jinsi baba alivyowasomea majina kabla hawajajua kusoma. Kilichowauma zaidi kilikuwa kupotea kwa kumbukumbu hizo.

Hapo ndipo jambo hili linapomgusa mzazi wa leo, hasa anayelea watoto Marekani.

"Shule vipi?" "Poa."

Tuchukue mfano wa baba mwenye asili ya Kongo, aliyekaa miaka kadhaa katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu mkoani Kigoma kabla ya kuhamia Marekani. Anafanya kazi zamu ya usiku. Mwanawe wa miaka 11 anatoka shuleni wakati baba anajiandaa kwenda kazini. Wanakutana kwa dakika chache.

"Shule vipi?"

"Poa."

Kisha kila mmoja anarudi kwenye simu yake. Baba anafuatilia soka, mtoto anafuatilia besiboli aliyoifahamu kwa marafiki wa darasani. Wanapendana, ila hawana kitu kimoja cha kukizungumzia wote wawili.

Kadi ya zamani inaweza kuwa kitu hicho. Ni ndogo, ina picha mbele na maelezo nyuma, na mara nyingi bei yake haizidi ya soda. Tena si lazima baba ajue sheria za mchezo. Mtoto ndiye atakayemfundisha, na watoto hufurahi wanapopewa nafasi ya kuwa walimu wa wazazi wao.

Zilianzia kwenye pakiti za sigara

Mzazi anayejali afya huenda akashtuka kusikia kadi hizi zilianzia wapi. Katika miaka ya 1880 kampuni za tumbaku za Marekani zilitia vipande vya karatasi ngumu ndani ya pakiti ili sigara zisivunjike. Baadaye zikavichapa picha ili wanunuzi wavutiwe na kurudi kwa nyingine.

Seti maarufu kuliko zote za wakati huo ilitolewa kati ya 1909 na 1911 na kampuni ya American Tobacco. Ilikuwa na kadi zaidi ya 500, na wakusanyaji huiita T206. Moja ya kadi ngumu zaidi kupatikana katika seti hiyo ni ya Honus Wagner, mchezaji wa Pittsburgh, kwa sababu uchapishaji wake ulisimamishwa mapema. Wapo wanaosema Wagner hakutaka watoto wanunue tumbaku kwa ajili ya picha yake. Wengine wanasema alitaka alipwe. Ubishi huo haujaisha hadi leo.

Vyovyote ilivyokuwa, kadi hiyo inampa mzazi mwanya wa kuzungumza na mtoto kuhusu jambo zito bila kumhubiria. Kwa nini muuza sigara aweke picha ambayo watoto wanaipenda? Leo bidhaa gani zinafanya hivyo hivyo, kwa rangi nzuri na ladha ya matunda? Mtoto wa miaka 11 ana uwezo wa kulijibu swali hilo mwenyewe.

Miaka ya 1930 bigijii ilichukua nafasi ya tumbaku. Kampuni ya Goudey ilitoa seti yake maarufu mwaka 1933. Kisha ikaja Topps ya Brooklyn, New York. Seti yake ya 1952, yenye kadi 407, ilibuniwa na mfanyakazi wake Sy Berger akiwa kwenye meza ya jikoni nyumbani kwake, pamoja na mwenzake Woody Gelman. Berger mwenyewe alisimulia kwamba mwaka 1960 kadi za 1952 zilizododa ghalani zilipakiwa kwenye tishari na kumwagwa baharini. Kwa hiyo si akina mama peke yao waliotupa.

Mgonjwa aliyepanga kadi 300,000

Anayetaka kujua furaha ya kukusanya bila tamaa ya fedha amtazame Jefferson Burdick. Alikuwa fundi wa kuunganisha vifaa vya umeme mjini Syracuse, jimbo la New York. Hakuwa tajiri, na kwa miaka mingi aliteswa na baridi yabisi, ugonjwa uliokunja vidole vyake.

Kwa vidole hivyo hivyo Burdick alikusanya zaidi ya kadi na picha 300,000, zikiwamo kadi za besiboli zaidi ya 30,000. Ndiye aliyetunga orodha yenye alama ambazo wakusanyaji wanazitumia mpaka sasa. Ile herufi T katika T206 ni yake, ikimaanisha kadi za tumbaku za karne ya 20.

Hakuuza mkusanyiko wake. Aliupa jumba la makumbusho la Metropolitan mjini New York, na kwa miaka mingi akawa anakwenda huko mwenyewe kubandika kadi kwenye albamu, ukurasa baada ya ukurasa, huku maumivu yakizidi. Alimaliza kazi hiyo Januari 1963. Miezi miwili baadaye akafariki dunia.

Kisa cha Burdick hakithibitishi kwamba kadi zinatibu viungo. Hazitibu. Kinachoonekana ni mgonjwa aliyekuwa na sababu ya kuamka asubuhi, na kazi aliyotaka kuifikisha mwisho.

Nyuma ya kadi kuna mtu

Utamu wa kadi za zamani uko upande wa nyuma. Mwaka 1957 Topps ilianza kuchapa takwimu za mchezaji mwaka hadi mwaka. Mtoto anayependa hesabu hupata pa kuchezea. Anayependa hadithi hupata zaidi.

Ipo kadi ya Jackie Robinson. Aprili 15, 1947, akiwa na Brooklyn Dodgers, Robinson aliingia uwanjani na kuvunja ubaguzi uliokuwa umewafungia wachezaji weusi nje ya ligi kuu kwa zaidi ya nusu karne. Kadi zake halisi ni ghali, lakini picha ya kuchapa upya, ikinunuliwa kwa kujua kwamba ni nakala, inatosha kuanzisha mazungumzo. Robinson aliishi na kisukari na alifariki mwaka 1972 kwa mshtuko wa moyo akiwa na miaka 53. Familia yenye historia ya kisukari inaweza kukumbushwa hapo kwamba hata mwanamichezo hodari anahitaji kupima sukari na shinikizo la damu.

Ipo pia ya Roberto Clemente wa Puerto Rico. Kwa miaka mingi kadi zake ziliandikwa "Bob" Clemente, jina aliloandikiwa na wengine ili liwe jepesi midomoni mwao. Yeye alijiita Roberto. Watoto wengi wenye majina ya Kiswahili au ya makabila yetu wanalijua jambo hilo, kwa kuwa yamewakuta darasani. Mtoto aliyeshindwa kumwambia mama kwamba mwalimu amemfupishia jina, anaweza kulisema akiwa ameshika kadi ya Clemente.

Halafu yupo Ted Williams wa Boston Red Sox. Miaka ya 1943, 1944 na 1945 hakucheza, kwa sababu alikuwa jeshini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mtoto anayepitia takwimu zake lazima atauliza: "Hapa katikati alikuwa wapi?"

Baba atajibu: "Vitani."

Na hapo mtoto huweza kuongeza swali ambalo hajawahi kuthubutu kuliuliza: "Na wewe baba, miaka ile ya kambini ilikuwaje?"

Si kila mzazi yuko tayari kwa swali hilo, na hakuna haja ya kueleza kila kitu siku moja. Sentensi mbili zinatosha kuanzia. Jambo la msingi ni kwamba mtoto ameuliza, na baba hakuishika simu.

Namna ya kuanza

Familia isianze na ndoto ya mamilioni. Ichague kitu kidogo chenye maana kwake: timu ya mji inaoishi, mwaka aliozaliwa mzazi, au wachezaji waliozaliwa nje ya Marekani. Kadi za wachezaji wa kawaida za miaka ya 1970, zilizochakaa kidogo, hupatikana kwa dola moja au mbili, wakati mwingine chini ya hapo. Hutafutwa kwenye maduka ya kadi, kwenye maonyesho ya wakusanyaji, na kwa majirani wanaouza vitu vya zamani nje ya nyumba zao wikendi.

Mtoto apewe bajeti ya mwezi na aiandike kwenye daftari: kadi, mwaka, bei. Akiimaliza, asubiri mwezi ujao. Kusubiri ni sehemu ya mafunzo.

Kadi iwekwe kwenye mfuko laini wa plastiki uliotengenezwa kwa kazi hiyo, kisha kwenye faili lenye kurasa za mifuko tisa. Kadi za Topps za kati ya 1952 na 1956 ni kubwa kidogo na zinahitaji kurasa zake. Zisifungwe kwa mpira, maana unakata kingo. Zisikae kwenye jua wala unyevu. Zisifutwe kwa maji wala kupunguzwa kwa mkasi hata kama kona imechakaa. Mwaka 2013 mnadishaji mmoja maarufu wa Marekani alikiri mahakamani kwamba alikata kingo za kadi ya Wagner ili ionekane mpya. Ilikuwa kadi iliyowahi kununuliwa kwa dola milioni 2.8. Mtoto akisikia hilo ataelewa kwamba uchakavu wa kweli una heshima kuliko uzuri wa uongo.

Na endapo familia itapata pakiti ya miaka ya 1980 ambayo haijafunguliwa, bigijii iliyomo itupwe. Imeshapitisha miaka 30, si kitu cha kumpa mtoto.

Mambo ya kuangalia

Burudani hii ina upande wake wa hatari. Pakiti mpya za leo huuzwa zikiwa zimefungwa, na mnunuzi hulipa akitumaini kukuta kadi adimu. Kwa mtoto, msisimko huo unakaribiana sana na kamari. Mzazi awe macho akiona mtoto anaficha manunuzi, anakasirika akikosa kadi anayoitaka, au anatumia kadi ya benki ya nyumbani bila ruhusa. Hii ni sababu moja ya kuchagua kadi za zamani zinazouzwa moja moja: mtoto anaiona kadi kabla hajatoa fedha.

Jambo jingine ni mwili. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku, na meza ya kadi haiwezi kuzileta. Baada ya kupanga kadi, mpira utolewe nje. Baba asiyejua kupiga ajifunze kudaka. Akiona aibu, akumbuke kwamba mwaka 2012 watoto kutoka Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za Little League huko Pennsylvania, wakitoka katika nchi ambayo besiboli bado ni mchezo mgeni.

Tatu, mtoto asilazimishwe. Wapo watakaochoka baada ya wiki mbili na kuhamia kwenye stempu, golori au mawe ya ufukweni. Si hasara. Mazungumzo yaliyopatikana hayapotei na kadi.

Kabla ya kutupa

Siku moja mzazi atafanya usafi na kukuta boksi uvunguni. Ndani yake huenda zimo kadi chache zilizokunjika kona, hakuna hata moja yenye thamani ya dola tano. Kabla ya kulipeleka kwenye pipa la taka, alifungue na amwite mwenyewe.

"Huyu nani?"

Kisha akae kitandani, asikilize. Zamu ya usiku bado ina saa moja kuanza.